Farasi Aliyerudi kwa Mkufunzi Wake

Nikifungua jarida la mbio za farasi, sianzi na muda wala nafasi alizoshika farasi. Naanza na jina la mkufunzi wake wa leo, kisha nashuka mstari kwa mstari kwenye mbio zake za nyuma nione amepitia mikononi mwa nani. Mara chache hutokea kwamba jina lililo juu kabisa ndilo hilo hilo lililo chini, na katikati pana majina mengine mawili au matatu. Hapo najua kilichotokea: mkufunzi alichukuliwa farasi wake kwa mujibu wa sheria, farasi akazunguka mabanda ya watu, na siku moja yule wa kwanza akatoa pesa akamrudisha.

Pale Laurel Park, Maryland, kati ya Washington na Baltimore, wachezaji wanaipenda sana alama hii. Rafiki yangu mmoja wa Tanga, dereva wa malori ambaye Jumamosi zake huishia jukwaani pale, akiiona tu huwa ameshainuka kwenda dirishani kuweka dau. "Kaka, huyu karudi kwao," huniambia. "Mwenyewe anajua alichokiacha." Mimi nimefanya kazi upande wa pili wa uwanja ule, mabandani, nikitembeza farasi baada ya mazoezi na baada ya mbio mpaka jasho likauke, na nimewapokea hao wanaorudi kwao. Nakubaliana na rafiki yangu nusu ya njia. Nusu iliyobaki ndiyo inayowamaliza watu pesa.

Kwa aliyezoea mbio za Jumapili kule Ngong, Nairobi, utaratibu wenyewe unahitaji maelezo. Sehemu kubwa ya mbio za Marekani ni mbio za kleimu. Farasi wote wanaoingia wamewekewa bei, tuseme dola 10,000. Mtu mwenye leseni, na mwenye pesa kwenye akaunti yake hapo uwanjani, anajaza fomu, anaitumbukiza kwenye sanduku kabla ya mbio, na lango likifunguka tu farasi ni wake. Zawadi ya mbio hizo bado inakwenda kwa mwenyewe wa zamani. Wakitokea wanunuzi wawili au zaidi wanapigiwa kura. Hakuna kupatana bei, hakuna kumleta daktari wako ampime kwanza, na mwenye farasi hana ruhusa ya kukataa. Mbio zikiisha, saisi wa banda jipya anakuja na hatamu na kamba yake. Saisi wa zamani anavua lijamu, anaondoka nalo mkononi.

Watu huuliza kwa nini mtu aweke farasi wake hatarini namna hiyo. Jibu ni kwamba hapo ndipo anapoweza kushinda. Farasi wa thamani ya dola 10,000 ukimpeleka kukimbia na wa dola 40,000 atafika wa mwisho, na shayiri yake inaliwa kila siku. Ukimshusha kwenye daraja lake, na zawadi ikiwa dola 20,000 ambapo mshindi huchukua kama asilimia 60, umepata dola 12,000 kwa mchana mmoja. Mkufunzi anapima: zawadi ile, au farasi huyu? Wengi wa waliochukuliwa hawakutupwa na mtu. Waliwekwa pale washinde, na jirani akawaona.

Mtindo huu umetoa farasi wakubwa. Mwaka 1943 mkufunzi Hirsch Jacobs alimchukua Stymie kwa dola 1,500 kutoka kwa King Ranch ya Texas, na farasi huyo akaja kuingiza dola 918,485. Septemba 2021, pale Churchill Downs, mkufunzi Eric Reed alimchukua Rich Strike kwa dola 30,000. Mei iliyofuata farasi yule yule akashinda Kentucky Derby akiwa analipa 80 kwa 1, baada ya kuingia kwenye orodha siku moja tu kabla kwa sababu mwingine alijitoa. Habari hizi mbili kila mchezaji anazijua, na zote zinasema banda la zamani halikuona kilichokuwa mbele yake. Lakini mchezaji huyo huyo akiona farasi amerudi kwa mkufunzi wa zamani, anaweka pesa kwa imani kwamba banda la zamani ndilo linalojua kuliko wote. Imani zote mbili zinaweza kuwa kweli, kila moja kwa farasi wake, na kazi ya mchezaji ni kujua aliye mbele yake leo ni yupi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga, na mkufunzi wa zamani amekilalia. Nitamtaja farasi mmoja. Alikuwa wa kijivu, amehasiwa, na nilipoanza kumtembeza alikuwa na miaka 5. Mlangoni mwa banda alikuwa anagoma. Ukivuta kamba hasogei. Ukimpa mgongo na kuanza kuondoka, anakufuata mwenyewe. Katika mbio hakuvumilia kubanwa kati ya uzio na wenzake. Joki aliyemjua alimtoa nje mapema, akamwacha apumue nyuma, akamwita kwenye mkunjo wa mwisho. Alitaka majuma kama matano kati ya mbio na mbio. Ukimharakisha, asubuhi unakuta shayiri imebaki kwenye ndoo, na hiyo ndiyo alama yake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa mahali. Yalikuwa kichwani mwa mkufunzi wetu na mikononi mwa saisi wake, mzee mmoja wa Michoacán, Mexico, aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake.

Msimu mmoja wa baridi kijivu akachukuliwa kwa dola 12,500. Mzee alirudi na lijamu, akaosha ndoo, akaipindua, akaenda kuwahudumia waliobaki. Banda lililomchukua likamvalisha vizuizi vya macho, likamkimbiza kila baada ya majuma mawili matatu. Alishinda mara moja, kisha bei ikaanza kuteremka. Akachukuliwa tena na banda la tatu. Tulikuwa tunamwona kwa mbali, siku za mbio, amevaa nambari ya watu wengine. Mkufunzi wetu hakuacha kumfuatilia. Kila orodha ikitoka alilitafuta jina lile kwanza, na lilipotokea kwenye mbio za dola 8,000 alimpigia simu mwenye mali, fomu ikaingia sandukuni.

Jioni ile nilikuwa na mzee tulipompokea. Kilichonigusa kwanza ni rangi. Farasi wa kijivu huzidi kuwa mweupe kadiri miaka inavyokwenda, na huyu alikuwa amepauka usoni na shingoni kiasi kwamba nilidhani wametuletea mwingine. Tulipofika mlangoni akagoma. Nikampa mgongo, akanifuata, na mzee akacheka kwa sauti, akampigapiga shingoni. Kisha akapiga magoti kwenye majani makavu, akaanza kazi yake. Aliushika mguu wa mbele wa kushoto kwa mikono miwili, akateremsha vidole polepole nyuma ya mundi, kidole gumba upande huu na vingine upande wa pili, akafika chini, akarudi juu, akateremka tena, akasimama mahali pamoja. Akaniita niguse. Kwenye kano palikuwa na kinundu kama punje ya hindi. Hakikuwa na moto. Mguu wa kulia ulikuwa laini kutoka juu hadi chini.

"Mdomo ni ule ule, tabia ni ile ile," mzee akasema. "Mguu huu siujui."

Sentensi hiyo naipima kwa kila farasi anayerudi, na mpaka leo haijaniangusha. Mkufunzi wa zamani anamjua farasi aliyempoteza. Aliyempata ni mwingine kwa sehemu, na sehemu hiyo hukua kadiri miezi inavyokuwa mingi na mabanda yanavyokuwa mengi. Tabia haibadiliki sana: kugoma mlangoni, kuchukia uzio, kupenda nyasi kuliko mchanga, kuhitaji mapumziko marefu. Hayo mkufunzi akiyarudisha mahali pake, farasi anaweza kupata nafuu ambayo banda lingine lisingempa. Miguu, mapafu, moyo wa kushindana baada ya kupigishwa mbio za mfululizo, vyote hivyo vimeendelea kutumika akiwa kwa wenzake, na mkufunzi wa zamani havijui kuliko ninavyovijua mimi niliye jukwaani.

Kwa hiyo anaporudi farasi najiuliza: alikuwa anashinda kwa sababu gani alipokuwa kwao? Kama alishinda kwa sababu mtu aliijua tabia yake, kurudi kwake kuna thamani. Kama alikuwa na mwendo tu, na wengine wameshautumia mwendo huo, mkufunzi amenunua kumbukumbu zake mwenyewe.

Kijivu alipata bahati ya kuwa na watu wenye subira. Mkufunzi alikuja asubuhi, akaugusa mguu ule pale pale mzee alipomwonyesha, akakaa kimya muda mrefu. Angeweza kumkimbiza mwezi uliofuata. Alimpeleka shambani, akakaa huko msimu wote wa baridi akila nyasi na kutembea. Masika alirudi, na mbio zake za kwanza zilikuwa za maili moja kwenye nyasi, wakati kabla ya hapo alikuwa anakimbizwa robo tatu ya maili kwenye mchanga. Vizuizi vya macho vilikuwa vimeondolewa. Joki alikuwa yule wa zamani. Nililisoma jarida siku ile nikaona kila kitu kilichokuwa kwenye ndoo yetu, kwenye kamba yetu, kimeandikwa pale kwa anayejua kukitafuta. Jukwaa lilikuwa limeshamsahau. Miezi mingi bila kukimbia iliwatisha watu, na ule upendo wa "karudi kwao" ulikuwa umepoa. Alifika wa pili. Mara iliyofuata alishinda, akilipa zaidi ya 6 kwa 1, na nilikuwa na tiketi.

Msimu ule ule banda jingine lilimrudisha jike wake mmoja mwekundu kwa dola 16,000. Kwa desturi ya viwanja vingi, farasi aliyechukuliwa hana ruhusa ya kushushwa bei kwa muda fulani, siku 30 hivi. Muda ule ulipokwisha tu, jike yule akatokea kwenye mbio za dola 8,000. Jukwaa zima likamfanya tegemeo. Rafiki yangu wa Tanga alikuwa ameshashika noti mkononi. Nilimwomba aniambie kwa nini mtu anunue kitu kwa 16 akiuze kwa 8 ndani ya majuma machache, tena mtu anayekijua. Akanitazama, akatazama jarida, akazirudisha noti mfukoni. Jike yule alimaliza nyuma kabisa, na sandukuni hapakuwa na fomu hata moja yenye jina lake.

Bei ya kurudi inasema neno, na bei ya mbio zinazofuata inasema neno kubwa zaidi. Mkufunzi akimrudisha farasi kwa 8 na kumwingiza kwenye 12, anasema: huyu simtaki achukuliwe tena. Akimpumzisha, anasema kuna kitu anakitengeneza na anaamini kitatengenezeka. Akimshusha haraka, anasema amefungua mlango akakuta ambacho hakukitarajia. Mkufunzi hatoi maneno haya kwa kinywa chake. Anayatoa kwa pesa za mwenye mali, na kwa sababu hiyo nayaamini.

Lakini si kila anayerudishwa anarudishwa kwa hesabu. Maryland ina historia ndefu ya mabanda kuchukuliana farasi. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 wakufunzi wanne, King Leatherbury, Bud Delp, Dick Dutrow na John Tammaro, walizitawala mbio za huko kiasi cha kuitwa Wanne Wakubwa, na kuchukuliana farasi ilikuwa sehemu ya maisha yao. Delp alikuja kumfunza Spectacular Bid, mshindi wa Kentucky Derby na Preakness mwaka 1979, na Leatherbury akaja kushinda mbio zaidi ya 6,500. Katika mashindano ya aina hiyo mtu anaweza kumrudisha farasi kwa kuwa jirani amemchukulia wawili juma lililopita, au kwa kuwa ana nafasi tupu bandani na mwenye mali anataka kuona rangi zake zikikimbia. Wachukuaji wa siku hizi wanayo hayo hayo. Mwenye mali naye ana moyo. Nimewaona waliompigia mkufunzi simu wakilia kwa sababu farasi waliyemwona akizaliwa ameonekana kwenye daraja la chini kabisa, na wanataka aondolewe huko kwa bei yoyote.

Hawa wa mwisho nawaheshimu kuliko wote. Farasi wa namna hiyo hutolewa mbioni, akapelekwa shambani au akafundishwa kazi nyingine ya kupandwa, na kwa mchezaji hana faida yoyote. Ila wapo wanaokimbizwa mara moja au mbili za kuwaaga, na jukwaa linawawekea pesa kwa sababu ile ile ya kurudi kwao. Ukimwona farasi wa miaka 9 au 10 amerudishwa kwa bei ya chini na mtu aliyemzalisha mwenyewe, acha pesa zako mfukoni na umpigie makofi akipita.

Kamari ya mbio za Marekani ni ya mfuko mmoja. Pesa zote zinakusanywa, uwanja na serikali vinakata fungu lao, kuanzia kama asilimia 15 hadi zaidi ya 25 kutegemea aina ya dau, kisha walioshinda wanagawana kinachobaki. Kwa hiyo unashindana na wenzako jukwaani. Alama inayoonwa na kila mtu imeshalipiwa na kila mtu. "Karudi kwao" ikisomwa juma lile lile, malipo yamepungua kabla hujafika dirishani. Ikisomwa miezi baadaye, kwa kuunganisha vizuizi vya macho vilivyoondolewa, umbali uliobadilishwa, joki aliyerudi na majuma aliyopewa apumzike, wasomaji wanakuwa wachache. Huko ndiko ninakoweka pesa zangu, na siweki hata shilingi kabla sijashuka kwenda kumwona anavyotembea pale wanapotandikwa. Natazama miguu ya mbele. Natazama kama ameweka uzito sawa akisimama. Namtazama saisi pia: aliye na farasi mzima anatembea akiwa amelegeza kamba.

Sheria zimekuwa bora kuliko zilivyokuwa nilipoanza. Zamani lango likifunguka, farasi akivunjika mguu hatua mia mbele, ni wako, na umenunua maiti. Hilo lilimfanya mtu mwenye farasi mbovu awe na sababu ya kumleta. Sheria ya taifa ya uadilifu na usalama wa mbio, iliyopitishwa Desemba 2020 na kuanza kazi viwanjani Julai 2022, inabatilisha mauzo iwapo farasi amekufa uwanjani au daktari wa uwanja amemkuta anachechemea kabla hajakabidhiwa. Nilikuwa nikingoja jambo hilo kwa miaka, na nadhani limeokoa farasi ambao majina yao hatutayajua.

Bado kuna moja. Matibabu ya farasi wa mbio sasa yanaripotiwa na madaktari kwenye mfumo wa taifa: sindano za viungoni, dawa, tarehe zake. Mchezaji haoni chochote kati ya hayo. Jarida linamwambia farasi alikimbia robo ya kwanza kwa sekunde ngapi, mama yake ni nani, kama amevaa vizuizi vya macho, na halimwambii kama goti limechomwa sindano mara tatu msimu huu. Ningetaka kila farasi aliyepita mabanda mawili au zaidi achapishiwe orodha hiyo chini ya jina lake, hadharani, sawa na bei yake inavyochapishwa. Wapo wakufunzi wanaosema hiyo ni siri ya banda. Farasi aliyetangazwa bei yake mbele ya watu wote, na anayeweza kuondoka na mtu yeyote mwenye leseni, hana siri ya banda. Pesa za jukwaani zinachangia zawadi, na wenye pesa hizo wana haki ya kujua kilichofanywa kwenye ule mguu wa kushoto tangu siku alipoondoka mpaka siku aliporudi.